Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Barua tatu za mwisho ambazo Nunu alizipokea kutoka kwa mama yake ziliandikwa mama akiwa amekwisha kuzikwa. Hilo alilijua Februari 1984, siku aliyorudi kutoka Uingereza baada ya miaka mitatu ya masomo. Aliingia uani kwao, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, akakuta kile kiti cha kamba cha mama kimeegemezwa ukutani, uso wake umeelekea ukuta. Baba yake, Suud, alimpokea begi, akamkalisha, akamwambia. Mama yake, Mauza, alifariki mwezi wa tisa. Alizikwa makaburi ya Kisutu. Hawakumwandikia habari hiyo kwa sababu mitihani ilikuwa karibu.

"Ilikuwa karibu mpaka Januari?" Nunu aliuliza.

Baba alitazama viatu vyake.

Mauza hakujua kuandika kwa herufi za Kizungu. Siku zote alisema yeye, Suud akaandika, kwa hiyo mwandiko haukuweza kumwonyesha Nunu lolote. Katika barua ya Novemba mama alimuuliza kama bado anavaa fulana nzito. Katika ile ya Desemba alimwambia kwamba paka amezaa ndani ya kabati la nguo. Katika ya Januari alilalamika kwamba Nunu anachelewa kujibu. Na Nunu alikuwa amejibu zote, karatasi mbele na nyuma. Usiku ule wa kwanza na nyingi zilizofuata alilala akijiuliza alikuwa anamjibu nani.

Mwezi Machi alianza kazi katika ofisi moja ya umma karibu na Mnazi Mmoja. Ofisi ilikuwa imepata msaada wa kompyuta ndogo ya mezani, nayo ikawekwa ghorofa ya pili, kwenye chumba pekee ambacho kiyoyozi chake kilikuwa bado kinafanya kazi. Mwenzake humo alikuwa Pantaleo, mtu mzima wa Ndanda, aliyetumia miaka mingi kwenye mashine kubwa ya zamani, ile ya kadi za kutoboa. Walipewa kazi ya kuingiza madaftari ya mabalozi wa nyumba kumi wa Kariakoo, viongozi wa mitaa walioandikisha kila mkazi wao, ili mgao wa sukari na sabuni ufuate watu waliopo kweli.

Tatizo lilikuwa kwamba watu wa Kariakoo hawatulii. Mpangaji anahamia Magomeni, mtoto anazaliwa, ndugu watatu wanashuka kutoka Masasi kwa siku moja. Ukitenga nafasi mia, watu wanakuwa mia na ishirini. Ukitenga elfu, kumbukumbu ya mashine inajaa nafasi tupu.

"Tuandike kwa lugha ya C," alisema Nunu. Alikuwa ameisoma huko, na amerudi na bunda la kurasa alizozitoa nakala. "Kila mtu apewe kisanduku chake ndani ya kumbukumbu. Ndani yake mna jina, nyumba, na anwani ya kisanduku kinachofuata. Havihitaji kukaa pamoja. Vinashikana kwa anwani, kama mnyororo. Mtu mpya tunamfunga mbele. Anayeondoka, tunamwambia aliyemtangulia amshike anayefuata, na kisanduku tunairudishia mashine."

"Na kesho wakitaka orodha ya vipuri?"

"Ndiyo maana nataka iwe maktaba, ndugu Pantaleo. Kuunda orodha, kuongeza, kutafuta, kuondoa, kuchapa. Atakayekuja aazime hizo kazi tano tu, asihangaike na yaliyo ndani."

Pantaleo alikuna kidevu. "Haya. Ila tuchore kwanza."

Wakachora wiki nzima kwa penseli, migongoni mwa karatasi kuukuu za printa. Walibishana sana juu ya jambo moja: mtu akiondolewa, jina lake litupwe na maktaba, au na yule aliyeiazima maktaba? Nunu alitaka maktaba ifanye yote. Siku ya nne Pantaleo alikubali, kwa shingo upande.

Ilipofika siku ya majaribio, Nunu alichukua daftari la balozi wa mtaa wao, Mzee Bakili, kwa kuwa majina yake aliyajua. Alipofika nyumba ya nne, mkono ukasimama. Daftari lilikuwa limenakiliwa upya mwaka huo, wino wake bado mbichi, na chini ya jina la baba yake palikuwa na la mama. Mauza Salim. Halikukatwa.

Alilichapa kama daftari lilivyosema. Ya nyumba yao aliyaacha mpaka mwisho, la baba kisha la mama, na kwa kuwa anayeingia hufungwa mbele, la mama likatokea la kwanza. Kisha akaiagiza mashine imwondoe mama. Kioo kikamjibu: AMEONDOLEWA. Akaiagiza ichape orodha. Printa ikakwaruza, karatasi ikapanda.

MAUZA SALIM, NYUMBA YA NNE.

Alizima mashine, akawasha, akaingiza majina yote upya kwa mpangilio uleule. Akamwondoa jirani yao Awadhi, Awadhi akaondoka. Akamwondoa Mzee Bakili, naye akaondoka. Akamwondoa mama. AMEONDOLEWA, kikasema kioo, na karatasi ikapanda na jina lake, juu kabisa, herufi zimetimia.

Hakumwambia Pantaleo. Alijua lazima kosa limo katika mistari aliyoiandika mwenyewe, na kwa siku tatu aliisoma bila kuliona. Ila mchana akipita sokoni kurudi nyumbani, akili haikumtii. Siku ya pili alimwona mwanamke mbele yake mwenye mwendo wa mama, ule wa kuburuza kidogo mguu wa kushoto. Akamfuata kwenye ngazi za soko la chini, kati ya magunia na harufu ya dagaa, mkono wake ukiwa karibu kabisa na kanga ya yule mtu. Mwanamke akageuka. Alikuwa mgeni, amekuja kununua kamba.

Jioni ile alimuuliza baba kwa nini jina bado limo.

"Muulize Bakili," alisema Suud. "Daftari ni lake."

"Na sukari yake?"

"Inaenda kwa mke wa Awadhi. Alikuwa mjamzito. Mama yako angempa." Akainuka, akaenda kufungulia maji bombani, ingawa ndoo zilikuwa zimejaa.

Siku ya nne Pantaleo aliingia ofisini na karatasi mkononi. "Balozi wenu ameleta nyongeza. Mtoto mchanga, nyumba ya sita. Muingize tuone."

Nunu alikuwa ametoka tu kumwondoa mama kwa mara nyingine. Akachapa bila kusoma vizuri, herufi moja moja, akaagiza orodha ichapwe. Printa ikaanza.

MAUZA AWADHI. MAUZA AWADHI. MAUZA AWADHI.

Haikusimama. Awadhi alikuwa amempa bintiye jina la marehemu, jambo ambalo hakuna aliyemwambia Nunu, na sasa jina lilikuwa likimiminika ukurasa baada ya ukurasa, likikunjana sakafuni. Hakuna jina jingine lililofuata. Majirani wote wa mtaa walikuwa wametoweka. Nunu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Basi, mama. Basi."

Pantaleo alizima printa. Chumba kikawa kimya. Aliitazama karatasi, akamtazama binti, akamvutia kiti.

"Mama yako ndiye huyu wa kwanza? Mauza Salim?"

"Ndiye."

"Amefariki?"

"Mwezi wa tisa. Sikuwapo."

Pantaleo alifanya ishara ya msalaba haraka, kama mtu anayejikuna. "Pole, mwanangu. Nionyeshe kazi ya kuondoa."

Alisoma kwa muda mrefu, kidole kikifuata mistari. Mwisho akachukua penseli.

"Unaiambia hii kazi anwani ya kisanduku cha kwanza. Lakini unachoipa ni nakala ya anwani. Yenyewe inaibadilisha ile nakala, inamaliza, inaitupa. Huku nje, orodha bado inashika anwani ya zamani. Kwa wengine wa katikati haidhuru. Kwa wa kwanza peke yake, inadhuru."

"Lakini kisanduku nilikirudisha kwa mashine."

"Ulikirudisha, na mashine haifuti kitu. Inakiacha na maandishi yake mpaka apatikane wa kukaa humo. Sasa umemleta mtoto. Mashine imempa kisanduku kilekile. Nawe ukamwambia anayemfuata ni yule aliyekuwa wa kwanza, ambaye sasa ni yeye mwenyewe." Akachora mshale uliotoka kwenye kisanduku na kurudi kilipotoka. "Anajishika mwenyewe mkono. Hana mwisho."

Nunu aliutazama mshale ule. Aliuelewa wote, na bado hakuisogelea printa.

Kuirekebisha hakukuchukua saa moja. Alibadilisha maktaba ili kila kazi ipewe mahali anwani inapotunzwa, si nakala yake. Akaingiza majina upya. Alipofika kwenye agizo la kumwondoa mama, alikaa na vidole juu ya vibonye. Pantaleo akasema anakwenda kutafuta chai, akatoka akafunga mlango. Nunu akabonyeza. Karatasi ikapanda, na jina la kwanza lilikuwa la baba yake.

Aliomba ruhusa, akaenda moja kwa moja dukani kwa baba, Mtaa wa Kongo, mahali palipokuwa na vifungo na nyuzi na rafu nyingi tupu. Suud alikuwa ametoka kuswali adhuhuri.

"Shikamoo, baba. Nataka kuuliza juu ya zile barua tatu."

"Marahaba. Nilijua utauliza."

"Uliziandika wewe."

"Zote nimeandika mimi. Mama yako akisema, mimi naandika."

"Hizi tatu hakusema, baba."

Suud aliweka chini boksi la vifungo. "Baada ya arobaini nilikaa uani na karatasi nikuandikie kwamba amefariki. Nikaanza, 'Mwanangu Nunu, salaam nyingi,' kama anavyoanza yeye. Nikamsikia anaendelea. Sikuongeza langu hata neno. Nikaandika."

"Na paka?"

"Paka alizaa kweli."

"Ulimwona wewe, ukaandika."

"Hapana." Alizungumza polepole sasa. "Niliandika kwanza. Yeye ndiye aliyesema. Nilipomaliza nikaenda kufungua kabati, nikawakuta wanne, juu ya nguo zake."

Mpita njia alisimama kuuliza zipu, akajibiwa hakuna, akaenda zake. Nunu alimsubiri afike mbali.

"Bado unamsikia?"

"Tangu urudi, hapana." Macho ya baba yalilowa. "Nikifika uani nakaa karibu na kiti chake. Kimya. Nadhani aliona umefika, akapumzika. Mimi ndiye sijapumzika."

Nunu alizunguka meza, akamshika mabega. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu arudi, dukani, mlango wazi, watu wa Kariakoo wakipita na mizigo yao.

Alasiri walikwenda pamoja kwa Mzee Bakili. Balozi aliwasikiliza, akaleta daftari, akavaa miwani. "Nilishuka kaburini kumpokea," alisema. "Lakini kila nikiinakili nyumba ya nne, mkono unaliandika jina lake. Nikasema basi, watakapokuja wenyewe." Akampa Suud kalamu. Suud alikata jina kwa mstari mmoja, taratibu, akapuliza wino ukauke.

Wakiwa njiani baba alisema, bila kumtazama, "Ubeid naye bado."

Ubeid, kaka yake Nunu, alikuwa Muscat mwaka wa pili, akifanya kazi bandarini.

"Bado nini? Hajaambiwa?"

"Anapata barua."

Nunu alisimama katikati ya njia. Mkokoteni ukampigia kelele, akasogea. Jioni ileile, kabla ya magharibi, alikaa uani akamwandikia kaka yake kwa jina lake mwenyewe. Alieleza kila kitu, na habari ya barua za baba vilevile. Baba alikaa pembeni, hakusema hata neno moja la kuandikwa.

Maktaba ilimalizika Juni. Watu wa ofisi nyingine wakaiazima kwa orodha ya vipuri, kama Pantaleo alivyotabiri, naye akawasimulia wote kwamba iliandikwa na binti wa Mchikichi. Majibu ya Ubeid yalikuja mwezi huohuo. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu mama alikufa saa ngapi, na nani alikuwa karibu naye.

Nunu aliisoma barua mara mbili, akagundua kwamba hata yeye hajui. Alikwenda akaketi chini, mbele ya baba yake, akamsomea swali. Suud akaanza na asubuhi ya siku ile, Mauza aliposukuma kikombe na kusema chai haina ladha, akaendelea, saa baada ya saa, na Nunu akaandika.