Posa ya Simu

Kabla wageni wa Kitahana, huko Kibondo, hawajafika, Aline alimvuta dada yake nyuma ya jiko, akamshika mikono yote miwili.

"Dada, nakuomba kitu kimoja tu. Leo usianze habari zako za simu."

"Habari zangu zipi?"

"Hizo hizo. Kwamba tumekuwa mabubu wenye vidole vyepesi. Watu wanatoka Kibondo kuja kuniposa. Wakiondoka wamenuna, hawarudi tena."

Benita alimfuta mdogo wake unga wa muhogo shavuni. "Nitasema ya nyumba tu," akamwambia. Na alimaanisha.

Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Kwao Nyakitonto kazi hiyo haikutazama ndevu. Marehemu baba yao alikuwa nayo, na alipofariki shangazi Immakulata aliwatazama wanaume wa ukoo mmoja mmoja, akaguna, akamkabidhi Benita. Posa ikija, mgeni husimama akaeleza kwa kinywa chake kilichomleta katika nyumba ile na si nyingine. Msemaji humsikiliza, kisha humjibu. Neno lililokwisha kusemwa kwa jirani halipokelewi, kama vile mtu hapokei tonge alilolitafuna mwenzake. Benita aliipenda kazi hiyo kuliko stashahada yake ya maendeleo ya jamii iliyotundikwa ukutani.

Simu hakuichukia. Alikuwa na steshenari yake Kasulu mjini, karibu na stendi, na mashine ndizo zilizomlisha. Ila pale kaunta alikuwa ameona mambo. Alimwona mtu aliyefiwa na mama yake akileta neno la shukrani lililotungwa na simu. Alipomwuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, yule bwana akajibu, "We chapa tu, simu imeshaeleza." Alimwona kijana akichapisha barua ya mapenzi, na kesho yake msichana akaja kuchapisha majibu, nayo yametungwa na simu. "Simu mbili zinachumbiana," aliwahadithia nyumbani, "wenyewe wamekaa pembeni wanakula mahindi ya kuchoma." Wote walicheka isipokuwa yeye. Aliona watu wakigawa bure kitu ambacho hata fukara wa mwisho wa nchi ya Buha alikuwa nacho bila kukinunua: neno la kinywa chake.

Wageni walifika jua likiwa bado la asubuhi. Walisalimia inavyotakiwa, magoti yameinama, makofi ya polepole, salamu ya mwakeye kwa kila mtu, na kuulizana hali za watoto, mbuzi na maharage shambani. Niyonkuru, kijana aliyemtaka Aline, fundi simu wa Kibondo mjini, aliketi nyuma kimya, maana mchumba hasemi siku ya posa. Mbele alisimama baba yake mdogo, Mzee Ndayisaba, mwenye duka la mbolea, koti limepigwa pasi na mvi zimechanwa vizuri. Aline alijificha nyuma ya pazia la mlango. Vidole vya miguu yake vilionekana chini.

Mzee Ndayisaba akavaa miwani. Akatoa simu.

"Enyi wazee waheshimiwa," alisoma, "tumevuka milima na mabonde, tukiongozwa na harufu ya ua lililochanua katika bustani yenu. Upepo mwanana wa bahari ulitunong'oneza..."

"Bahari ipi?" mjomba mmoja aliuliza chinichini.

"Ya Kibondo," jirani yake akamjibu. "Hujafika siku nyingi, wewe."

Watu wakabana vicheko. Maneno yale Benita aliyajua. Aliyachapa kwa mikono yake juma lililopita, kwa watu waliokuwa wakienda kuposa Makere, nao walitungiwa na simu. Alivitazama vidole vya Aline chini ya pazia. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ahsanteni, karibuni chakula, na mambo yakaisha. Lakini pale alipokuwa amekaa ndipo alipokaa baba yake, na baba yake hakupokea neno la mtumba hata siku moja.

Mzee alivuta pumzi aendelee. Benita akamtangulia.

"'Nasi, kama nyuki wenye kiu, tukaapa kutolala mpaka tulifikie.'"

Mzee Ndayisaba akatazama simu. Akamtazama Benita. Akarudi kwenye simu.

"Umejuaje?"

"Nimeichapa mimi, mzee wangu. Ilikwenda Makere. Kule ua lilikuwa linaitwa Konsolata."

Kicheko kilichozuiwa muda wote kikalipuka. Mjomba wa bahari alijipigapiga magoti. Mzee Ndayisaba alivua miwani, uso umemjaa damu.

"Nimedhalilishwa mbele ya watu! Na nani? Binti anayekula kwa mashine!"

"Mashine yangu inachapa, mzee. Haiposi."

"Inukeni! Twendeni zetu!"

Wageni wakaanza kusimama, viti vikagongana. "Benita," shangazi alinong'ona, "omba radhi upesi, watu wanaondoka." Nyuma ya pazia Aline alikuwa analia. Benita angeweza kutembea kwa miguu mpaka Kigoma kwa ajili ya mdogo wake. Akasimama.

"Posa sijaikataa," alisema, na sauti yake ikatulia kadiri ilivyokuwa ikitoka. "Nyumba hii hujibu aliyekuja. Akisimama mtu na neno lake, hata liwe moja, hata liwe limevunjika katikati, nitamjibu. Nauliza, nani amekuja?"

Ndipo Niyonkuru alipoinuka kule nyuma, mikono mitupu.

"Kaa chini!" baba yake mdogo alimkemea. "Mchumba hasemi!"

"Leo itabidi, Baba." Alikohoa. "Mimi si msemaji. Aline alileta simu dukani, kioo kimepasuka. Nikamwambia iache, urudi kesho. Akakataa. Akakaa kwenye kigoda kutwa nzima, mvua inanyesha, ananiangalia mikono. Nikamwuliza, unaogopa nitaiba? Akasema, ndani kuna sauti ya baba." Akatafuta maneno chini. "Ilipowaka akaifungua. Nikasikia mzee anamgombeza mbuzi. Mzee anamwambia mbuzi, wewe una adabu mbovu kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Nilicheka mpaka nikaangusha bisibisi. Tangu siku hiyo natamani kufika kwenye nyumba alimogombezwa mbuzi yule. Basi. Nimefika."

Benita hakujua kwamba sauti ile ipo. Alisikia macho yakimchoma, na shangazi Immakulata akageukia ukutani. Simu ilikuwa imemhifadhi baba yao, hilo hakuwa na la kubisha. Lakini isingejua kwa nini mtu acheke. Kicheko hicho kilitoka kwa huyu kijana.

Akampigia makofi ya salamu, polepole, kama baba yake alivyofanya kwa mtu aliyeleta neno zito.

"Niyonkuru, umefika," alijibu. "Mbuzi yule tulimla kwenye msiba wa mwenyewe, lakini adabu mbovu ametuachia, kama ulivyoona. Aliyekaa kigodani kutwa akilinda sauti ya baba yake, hatumtoi kwa harufu ya maua. Tunamtoa kwa mtu aliyeisikia sauti hiyo akacheka. Kaa. Nyumba imekubali."

Vigelegele vikatoka nyuma ya pazia kabla ya pengine popote.

Chakula kilipoletwa, Benita mwenyewe alichukua birika na beseni, akapiga goti mbele ya Mzee Ndayisaba kumnawisha. Mzee hakunyoosha mikono.

"Kwanza uniombe radhi," alisema, safari hii bila makelele. "Kijana amepata mke, sawa. Na mimi je? Nimechekwa na ukumbi mzima."

"Shikamoo nakupa, mzee wangu. Goti nimepiga, maji haya hapa, na kidari cha kuku nimekuwekea wewe. Siku utakayokuja na maneno yako nitakusikiliza mpaka jua lizame." Akainua birika. "Lakini radhi siombi."

Maji yakaanza kumiminika. Mzee akanyoosha mikono.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."