Pindo la Gauni la Mwalimu

Ukitaka kumjua fundi cherehani, muulize nguo yako iko wapi. Atakuambia njoo kesho. Fundi huyu alikuwa bingwa wa kesho, na kesho moja ilimponza. Miaka thelathini iliyopita rafiki yake kipenzi, Mwalimu, aliolewa amevaa gauni la kuazima, limembana kwapani hata mikono haiinuki kucheza, kwa sababu la kwake lilikuwa bado vipande vipande mezani kwa Fundi. Kwa aibu, Fundi hata harusini hakwenda. Mwalimu hakumgombeza hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa Mwalimu, mjane wa miaka mingi, anaolewa tena saa sita mchana, huko kwake pwani. Na Fundi, jamani, yumo garini na mumewe saa mbili asubuhi, gauni mapajani, pindo halijashonwa!

"Si ulisema limekwisha?" aliuliza mumewe, dereva wa basi mstaafu.

"Limekwisha. Bado pindo tu."

"Ng'ombe mzima umemla, mkia unakushinda!"

"Endesha, baba. Na mashimo uyakwepe."

Basi barabara ikateremka vilimani, na mzee wa watu akafurahi kupita kiasi. Kila basi alilopishana nalo alilipigia honi, kana kwamba madereva wote bado ni wenzake. "Mama, tazama, bahari hiyo!" Fundi hakuinua kichwa. Wakapita mashamba ya chumvi, meupe mpaka yanaumiza macho, na ndege wenye miguu mirefu wamesimama majini. Wakavuka daraja refu.

"Mbona unapunguza mwendo?"

"Mandhari, mke wangu. Dakika mbili tu tushuke tutazame."

"Mandhari hayaolewi leo! Nitayaona tukirudi. Kanyaga mafuta."

Akakanyaga, amenuna kidogo, lakini kona ya pili alikuwa keshaanza kupiga mluzi.

Saa sita kasoro robo gari likasimama mlangoni kwa Mwalimu. Fundi akakata uzi kwa meno. "Nimemaliza!" Akafungua mlango, akaruka nje kwa furaha, akalinyanyua gauni juu. Na gauni lake mwenyewe likapanda nalo mpaka magotini.

Lahaula! Alikuwa amelishona gauni la harusi pamoja na nguo aliyoivaa, mshono mdogo mdogo, imara, wa kizamani. Yeye, aliyewachapa wanafunzi wake kwa maneno kila siku: usishonee mapajani bila ubao!

Mumewe alicheka mpaka akaegemea usukani. Fundi alilia.

Mwalimu akatoka, taulo mabegani, saa mkononi. Maisha yake yote hakuwahi kuchelewa kengele. Akatazama saa, akatazama gauni, akamtazama rafiki yake.

"Nisamehe, dada," Fundi akasema kwa kwikwi. "Lile la kwanza na hili. Nimekuharibia mara mbili."

Mwalimu akalivuta gauni kidogo. Fundi akaja nalo. Akalivuta tena, Fundi akaja tena, na hapo Mwalimu akaangua kicheko.

"Nani alikuambia nililia gauni siku ile? Nilikuwa nageuka nyuma kukutafuta wewe. Afadhali leo umekuja umeshonwa humo humo, hutanitoroka."

"Na bwana harusi je?"

"Bila mimi watamwoza nani? Ingia, tufumue."

Wakakaa kitandani bega kwa bega, mmoja ameshika wembe, mwingine anachomoa nyuzi, wanasimuliana miaka thelathini kwa mkupuo. Kisha Fundi akalishona upya, safari hii mezani.

Harusi ilichelewa saa nzima, na hakuna aliyethubutu kumuuliza Mwalimu kwa nini. Ngoma ilipolia, aliinua mikono yote miwili juu kabisa, na gauni halikumbana popote. Fundi alikuwa mstari wa mbele akimpigia vigelegele, sauti imemkauka.

"Bahari ipo hapo nyuma yako," mumewe akamnong'oneza. "Geuka basi uione."

"Kesho," akasema Fundi, asibandue macho kwa rafiki yake.