Mikono Mapajani

Kwenye karakana yetu ya redio na televisheni mwanagenzi hakabidhiwi bisibisi. Anakaa kwenye benchi la mlangoni, mikono mapajani, mpaka aweze kueleza kwa maneno yake kitu anachotaka kukigusa. Hiyo ni sheria ya baba, na hakuna aliyewahi kuikwepa, hata mimi bintiye. "Nieleze kama unavyomweleza bibi yako," alikuwa akisema. "Akikuuliza 'eti nini?', ujue hata wewe hujaelewa."

Mwenyewe alikuwa fundi wa kueleza kuliko hata wa kulehemu. Fyuzi ni mlinzi anayekubali kufa ili nyumba isiungue. Daiodi ni mlango wa kutokea tu, hauna kurudi. Na kapasita, kile kikopo kidogo kinachoweka umeme, ni mama mkwe: umechomoa waya ukutani, unadhani yameisha, kumbe yeye bado ameyaweka moyoni. Ndiyo maana humgusi kabla hujamtoa umeme wote. Mama akisikia hilo alisonya, na baba akacheka peke yake.

Kusahau kulianza na majina. Daiodi ikawa "kidude," rezista ikawa "kile kingine." Tukamtania kwamba uzee umeshabisha hodi. Kisha siku moja akafungua amplifaya ya mteja, akatia vidole moja kwa moja kwenye kapasita. Ilimrusha hadi kwenye rafu. Nilimkuta sakafuni anavitazama vidole vyake vilivyoungua, ananiuliza nani kampiga.

Daktari alisema kumbukumbu zinamtoka na hazitarudi. Mama akaniambia, "Mwanangu, mtoe kwenye ile meza kabla haijamuua." Rahisi kusema. Unamwambia nini baba yako, kwenye meza aliyoipigilia misumari mwenyewe? Uchungu ulinijaa mpaka nikamnunia mama, na maskini hakuwa na kosa lolote.

Asubuhi iliyofuata baba aliniwahi. Nilimkuta ameshafungua televisheni, bisibisi mkononi, anapiga mluzi. Nikamshika mkono.

"Baba, kabla hujagusa. Hiki ni nini?"

Aliinama, akakitazama kile kikopo. "Hiki... si ndicho hiki."

"Nieleze kama unavyomweleza bibi."

"Bibi alishakufa," alisema taratibu. "Nilimzika mimi." Kisha akatabasamu lile tabasamu la wanagenzi, la mtu anayeomba asiulizwe tena. Nimeliona kwenye nyuso nyingi, na sikutegemea kuliona kwenye uso wake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana nilikuwa namnyang'anya baba yangu kazi yake kwa sheria yake mwenyewe.

Hakubisha. Alilaza bisibisi mezani, akainuka kwa kujivuta, akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni.

"Sheria ni sheria," akasema. "Haya, nieleze wewe."

Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Nikamweleza kapasita kwa maneno yake yale yale. Nilipofika kwa mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi, maana kwake mzaha ule ulikuwa mpya kabisa.

"Umeeleza vizuri sana, mwalimu," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Bado yupo?"

Nilivitazama vidole vyake, makovu ya kulehemu na malengelenge mapya yaliyoanza kukauka.

"Yupo," nikasema.

"Msalimie," akasema, akarudisha mikono mapajani asije akagusa kitu.