Sentensi Kumi za Bwana Lin

Sina subira na wanafunzi wanaonakili kitabu. Wachina wote wa viwanda vya Nakawa ninaowafundisha Kiingereza wanalijua sharti langu: kila neno jipya, sentensi kumi za kweli kutoka maisha yao wenyewe. Nasahihisha, naweka sahihi na tarehe.

Neno la wiki hiyo lilikuwa "know". Kujua mtu, kujua kazi, kujua jambo. Bwana Lin, msimamizi wa kiwanda cha mabeseni, alikuja saa mbili asubuhi, akanisukumia daftari bila hata salamu. Saa nne alitakiwa kwa afisa wa kazi kutoa ushahidi juu ya Okwir, fundi aliyekatwa vidole vitatu na mashine. Kampuni ilidai ni uzembe wake mwenyewe, na barua ya kumfukuza ilishachapwa.

Okwir ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Lin sikuwa nimemwambia. Niliogopa kwamba akijua ataacha masomo, nami nisisikie tena lolote la kule ndani.

Sentensi ya kwanza, anajua kupika tambi. Ya nne, anamjua muuza chapati wa getini. Nilitia vema bila kusoma sawasawa, roho juu. Ya nane: "Najua kitufe cha kusimamisha mashine namba tatu kilikuwa kibovu." Ya tisa: "Nilijua siku nne kabla ya ajali, na meneja nilimwambia."

Siku nne. Damu ilinichemka, nikatamani kumpiga na lile daftari usoni.

"Hii ya kweli?" nikamuuliza.

"Sharti yako, mwalimu," akajibu kwa Kiswahili chake cha kiwandani.

"Na kwa afisa utasema hivi?"

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Meneja alinipa ya kusema. Mwalimu, maliza kwanza."

Ya kumi: "Najua mwalimu wangu ni dada yake Okwir."

"Tangu lini?"

"Hospitali. Niliona unamlisha yeye uji. Mimi iliogopa kuingia."

Nilitia vema ya kumi, nikaweka sahihi. Lin alilikagua daftari, akalirudisha mbele yangu.

"Tarehe, mwalimu," akasema. "Afisa atauliza."

Nikaiandika. Aliondoka na daftari kwapani, karatasi ya meneja akaiacha mezani kwangu.