Tope la Beseni la Tatu

Kazi yake ilikuwa kufuta majina. Ndivyo shangazi yake alivyoielewa, na hakuwa amekosea sana. Alikuwa katibu wa jarida la sayansi la chuo kikuu, katika chumba cha ghorofa ya pili chenye meza mbili na kabati lisilofunga. Makala ikifika, aliondoa jina la mwandishi, jina la mahali pake pa kazi, hata shukrani kwa mke na watoto, kisha akaituma kwa wahakiki wawili: wataalamu walioisoma bila kujua ni ya nani. Maoni yao yakirudi, alifuta majina yao pia kabla ya kumpelekea mwandishi.

"Na hao wanaosoma wanalipwa?" shangazi aliuliza.

"Hawalipwi, shangazi."

"Wanasifiwa basi?"

"Hakuna anayewajua."

Shangazi alicheka mpaka akajishika ubavu. "Basi hao hawasomi, mwanangu. Wanapiga sahihi tu."

Katibu hakubisha. Mwaka ule wa kwanza ofisini, hata yeye alikuwa na shaka hiyo hiyo.

Kisha ikaja makala ya konokono. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari. Kwa miaka sita alikuwa amechunguza madimbwi matatu karibu na shule yake, yenye konokono wadogo weusi wanaoeneza kichocho. Vitabu vilisema dimbwi likikauka konokono hao hufa, na wengine huletwa na mafuriko. Mwalimu alisema hawafi. Hujifukia kwenye tope, huziba gamba kwa ute, na kusubiri. Kama ni kweli, dawa ya kuwaua ilikuwa ikimwagwa msimu usiofaa, mwaka baada ya mwaka.

Mhariri alikuwa mama mtu mzima ambaye wote walimwita Mama Mkato, kwa jinsi alivyoichukia alama ya mkato iliyokaa pasipo pake. Aliisoma makala mara mbili, akaandika majina mawili ya wahakiki kwenye karatasi. Katibu alipoliona la kwanza, alishtuka.

"Mama, huyu si ndiye Profesa aliyeandika kwamba wanakufa?"

"Ndiye."

"Lakini makala hii inabomoa kitabu chake chote. Si ataizima?"

Mama Mkato alivua miwani. "Nani mwingine anawajua konokono hawa kama yeye? Akiikataa bila sababu nitaona, na nitatafuta msomaji wa tatu. Mtumie."

Mhakiki wa pili, mtu wa takwimu, alijibu baada ya wiki tatu: hesabu za mwaka wa nne hazionekani, ziletwe. Profesa alinyamaza. Wiki sita alizopewa zikapita. Katibu alimkumbusha mara mbili, na mara zote akajibiwa neno moja: "Nasoma." Mwezi wa nne tangu aitume makala, uvumilivu ulimwisha, akapiga simu nyumbani. Mke wa Profesa ndiye aliyepokea.

"Yuko nyuma ya nyumba na mabeseni yake," alisema. "Mabeseni yangu, niseme ukweli. Amekwenda kuchimba tope, mwanangu, kwa umri ule na goti lile! Kaleta magunia. Mimi siku hizi nafulia kwenye ndoo. Nikimuuliza ni ya nini, ananiambia, 'Subiri, bado.'"

Katibu aliagana naye, na hakumkumbusha Profesa tena.

Siku kumi baadaye maoni yalifika, kurasa kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kufuta jina tu. Badala yake alifunga mlango, akasoma yote akiwa amesimama.

Profesa alianza kwa kukiri kwamba hakuiamini makala hiyo. Kwa hiyo alikwenda kwenye dimbwi lililokauka kwa miezi mitano, akachimba, akagawa tope katika mabeseni manne, akamwaga maji aliyoyachemsha na kuyapoza, asije mtu akasema konokono wameletwa na maji. Siku nane hakuna kitu.

"Siku ya tisa, saa nne asubuhi," aliandika, "tope la beseni la tatu lilitikisika. Akatoka mmoja. Kufikia jioni walikuwa kumi na saba. Sikuridhika, nikarudia kwa tope la madimbwi mengine matatu. Kote walitoka. Kwa miaka thelathini nimefundisha kwamba hawa wamekufa. Sikuwahi kuwamwagia maji."

Baada ya hapo zilifuata kurasa nane za kumsaidia mwandishi: jedwali gani lipangwe upya, wapi amedai zaidi ya alichokiona, wapi amekosea kujumlisha. Kuhusu aya iliyokipinga kitabu chake mwenyewe, Profesa aliandika: "Hapa mwandishi ana adabu kupita kiasi. Aseme wazi kwamba kitabu hiki kimekosea." Na chini kabisa: "Ichapishwe."

Katibu alifungua mlango. Alimpelekea Mama Mkato zile kurasa. Mama Mkato alisoma, akageuza uso kuelekea dirishani.

"Miaka ishirini na mbili nimekaa kiti hiki," alisema hatimaye. "Mengine nimeyaona ya kuaibisha. Lakini haya ndiyo yananifanya nirudi kila asubuhi."

Mwalimu alileta hesabu zilizokosekana, akarekebisha yote aliyoambiwa, na makala ikatoka. Wiki hiyo hiyo alifika ofisini mwenyewe, shati limepigwa pasi, maoni ya mhakiki yamekunjwa mfukoni.

"Nilikuwa naomba Mungu isimfikie yule Profesa," alisema. "Sasa huyu aliyechimba tope ni nani? Nimshike mkono tu."

"Siwezi kukwambia, mwalimu. Hata yeye hakuambiwa wewe ni nani."

"Kwa hiyo amenifanyia yote haya hanijui?"

"Hakujui."

Mwalimu alitikisa kichwa, akayagusa yale maoni mfukoni.

Alasiri ile Profesa alipiga simu. Alikuwa amelisoma jarida na kuona jina la mwandishi kwa mara ya kwanza. "Mwalimu wa sekondari!" alisema, na sauti yake ilijaa furaha. "Nipe anwani yake. Nataka kumpongeza."

"Utamwambia ni wewe uliyechimba tope, Profesa?"

"Nimwambie nini? Nimesoma makala yake, kama watu wengine."

Katibu alimsomea anwani polepole, herufi kwa herufi, asije akakosea hata moja.