Jicho la Mchumba na Mlango wa Fundi Cherehani

Mwanamume aliyenyoosha mkono, kidole gumba kimesimama, akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili, huyo ama ana kichaa ama ana mwanamke. Mchumba wa mjukuu wangu hakuwa na kichaa. Nilishaongea naye.

Alikaa barazani kwangu akimsubiri mjukuu atoke hospitali, kwenye dirisha la dawa anakofanya kazi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Msinifikirie vibaya, pazia ni langu, na nyuma yake ni kwangu pia. Nikamwona: jicho hili, jicho lile. Na ng'ambo ya barabara, mbele ya kidole chake, kuna nani? Fundi cherehani, mtaa mzima tunamwita Sindano, kaachana na mumewe na hajutii.

Kesho yake tena. Baada ya hapo Sindano akatoa cherehani ndani, akaiweka mlangoni kabisa, midomo kaipaka rangi. Nguo za watu zikaanza kutoka na mkono mmoja mrefu.

"Siku hizi ndani hamna mwanga, bibi," aliniambia nilipovuka kwenda kuchungulia.

"Hamna mwanga, au hamna mtu wa kukutazama?"

"Bibi na wewe! Ila mkweo ana adabu. Jana kaja kuniuliza mlango wangu una upana gani."

Upana wa mlango! Mwanamume anautakia nini, kama si kujua sanduku lake litapita?

Nilirudi nyumbani roho haijatulia. Jumamosi wazee wa kijana walikuwa wanakuja kuposa, na mwanangu, baba wa binti, alikuwa ameniachia mimi jibu. Nikisema hapana, ni hapana. Na mjukuu mwenyewe alikuwa hali, hanywi, kwa mapenzi.

"Mke mwenza," nikamwambia jioni. Ndivyo ninavyomwita tangu hajaota meno. "Huyu mume wetu anafanya kazi gani hasa?"

"Bibi, nikwambie mara ngapi? Yuko kule kilimani kwenye darubini. Wanapima umbali wa nyota."

"Kwa kamba ipi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu anayedai kapima mahali asikofika wala hatafika, huyo ningemtilia shaka hata asingekonyeza.

Ijumaa kijana alipokuja nikamkalisha palepale barazani, nikakaa mbele yake.

"Baba, jicho lina nini?"

"Jicho, bibi?"

"Kama linauma, mwenzio yuko kwenye dawa. Kama haliumi, linamtazama mtu anayeshona nguo."

Kijana akageuka, akamwona Sindano anavyomtabasamia. Jasho likamtoka.

"Bibi, nilikuwa napima! Nikisubiri mtu, mkono unajipeleka wenyewe. Hebu nyoosha na wewe. Simamisha kidole. Fumba jicho moja. Sasa badilisha."

Kidole changu kikaruka kutoka mlango wa Sindano hadi nguzo ya umeme. Nikarudia. Kikaruka tena.

"Hakijasogea," akasema. "Umebadilisha pa kutazamia tu. Kilete karibu na pua, kitaruka zaidi. Nyota nazo ni hivyo hivyo, ila ziko mbali mno na macho yetu yamebanana. Basi tunapiga picha leo, tunangoja nusu mwaka dunia ifike upande wa pili wa jua, tunapiga nyingine. Nyota ya karibu inaonekana imesogea chembe mbele ya zile za mbali. Chembe hiyo ndiyo inayotupa umbali."

"Na ya karibu iko wapi?"

"Ukiacha jua, ile ya karibu kuliko zote, mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka minne kutufikia."

Maneno matamu. Matapeli wote ninaowajua walikuwa na maneno matamu, na mmoja alinioa.

"Na mlango wa watu?"

"Nikijua upana wake, najua kidole kimeruka kiasi gani kule. Nazidisha kwa kumi, kwa sababu mkono ni kama mara kumi ya nafasi iliyo kati ya macho."

"Haya. Kutoka hapo ulipo hadi mlangoni kwake. Sema."

Akafumba, akafumbua. "Mita kumi na nane. Lakini nitakosea kidogo, bibi."

Nikapaza sauti: "Sindano! Njoo na futikamba!"

Akaja mbio, midomo imepakwa upya. Nikamwinamisha barabarani apime kutoka kwake hadi kwangu, kipande kwa kipande, pikipiki zikimpigia honi. Ikafika ishirini na nusu.

"Umekosea," nikamwambia kijana.

"Nimekosea," akasema, akaichukua futikamba, akaanza kupima mkono wake mwenyewe atafute kosa limetoka wapi. Sindano kasimama ubavuni pake na manukato yote yale, wala kijana hakumwona.

Hapo roho ikatulia kidogo. Mwenye njama angeshaipima ile barabara kwa miguu yake, anipe jibu kamili nipigwe na butwaa.

Cherehani ya Sindano ilirudi ndani jioni ileile.

Jumamosi nikawahi getini. Wageni walipotokeza kule kwenye kona, nikasema hebu nijaribu. Nikanyoosha mkono, nikasimamisha gumba, nikafumba jicho hili, nikafumba lile. Babu yake kijana, mzee mrefu mwenye kofia, akasimama katikati ya njia. Akaivua kofia. Akanikonyeza.

Jibu la mjukuu nilitoa palepale: ndiyo. Babu nimemwambia angoje nusu mwaka, nimtazame tena nione kama atakuwa amesogea.