Mchi wa Serwaa

Taa ya tyubu sebuleni kwa mzee Boadi, mjini Kumasi, haikuwaka mpaka igongwe kidogo kwa mchi mrefu wa kutwangia fufu, ule ugali wa mihogo na ndizi. Mkewe Serwaa aliigonga kila jioni akisema, "Amka, mvivu we! Umerithi usingizi wa Boadi?"

Fufu hutwangwa na watu wawili. Serwaa alipofariki, mchi ukabaki na kazi ya taa tu, na Boadi akawa anayasema maneno yale mwenyewe.

Tyubu ilipoungua, fundi Badu alimfungia taa ya LED. "Tyubu haziletwi tena, mzee wangu. Hii unabonyeza tu, haina uvivu."

Jioni Boadi alibonyeza. Sebule ikajaa mwanga papo hapo, naye bado kashika mchi, maneno ya Serwaa yamemkaa mdomoni, hana wa kumwambia.